Mwisho wa Waya

Mota ya mashine ya mjomba iliungua jioni moja ya mwezi wa sita, msimu wa mpunga, foleni ya magunia ikiwa imefika nje ya banda. Kwanza ulisikika mlio mzito, kama wa mtu anayeinua kitu kilichomshinda. Kisha harufu ya vanishi inayoungua. Kisha kimya. Mjomba alizima swichi kuu, akaweka kiganja juu ya bodi ya mota, akakiondoa upesi. Watu wakaanza kurudisha magunia yao kwenye baiskeli na bodaboda bila maneno mengi. Kijiji cha pili kuna mashine nyingine.

Kusuka mota ile upya kulimeza faida ya msimu mzima, na mkopo wa kikundi ulikuwa haujaisha. Fundi aliyeisuka alitaja sababu kwa maneno mawili tu: umeme mdogo. Mjomba hakuridhika.

"Umeme mdogo unaunguzaje mota?" aliniuliza usiku ule. "Ukipunguza kuni chini ya sufuria, wali unaungua? Wewe msomi, hebu niambie."

Fizikia niliiacha kidato cha nne. Ninasoma historia, shahada ya pili, na likizo ile nilikuja nyumbani Kyela na begi la nakala zinazohusu simu ya waya iliyopita kando ya Ziwa Nyasa enzi za ukoloni. Nilikuwa na tarehe, majina na ramani. Sikuwa na jibu la mjomba. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba swali lake na tarehe zangu vinakaa ndani ya kanuni moja, ile ambayo wengi wetu tuliikariri, tukaijibia mtihani, tukaiacha hapohapo kwenye karatasi.

*

Unaikumbuka ile pembetatu. V juu, I na R chini. Unafunika kwa kidole unachokitafuta, na kilichobaki wazi ndicho jibu. Ukitaka ukinzani, unagawa volti kwa ampea. Kuna na pembetatu ya pili, P juu, V na I chini: wati ni volti mara ampea. Nani aliwahi kutuambia kwamba kila herufi pale ilimgharimu mtu miaka?

Mtu wa kwanza ni Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi vitasa wa mji wa Erlangen, Ujerumani, aliyezaliwa 1789. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, na alikuwa na tatizo ambalo fundi yeyote wa kijijini angelielewa: umeme wake haukutulia. Betri za wakati ule zilianza kwa nguvu na kuchoka upesi, hivyo kila alichopima kilibadilika kabla hajamaliza kukiandika. Akaachana nazo. Akaunganisha metali mbili, bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye barafu, cha pili kwenye maji yanayochemka. Hapo alipata msukumo mdogo sana lakini usioyumba. Kisha akawa anabadilisha waya: mrefu, mfupi, mnene, mwembamba. Akaandika kila mara sindano ilikosimama.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827. Alichokiona ni hiki. Msukumo, ambao leo tunaupima kwa volti, unasukuma mkondo, ambao tunaupima kwa ampea, na waya wenyewe unaukinza. Ukinzani huo, ambao leo tunaupima kwa omu, yaani kwa jina lake, unaongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu na unapungua kadiri waya unavyokuwa mnene. Wakubwa wa elimu nchini mwake hawakukijali kitabu hicho. Ohm aliacha kazi na kuishi kwa shida kwa miaka mingi. Heshima ilimfikia kutoka nje: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley.

Mwaka huohuo, James Joule, kijana wa familia yenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alichapisha matokeo ya vipimo vyake vya joto ndani ya waya. Joto hilo halilingani na mkondo, linalingana na mraba wa mkondo. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Zikiwa mara tatu, joto mara tisa. Kumbuka sentensi hiyo. Ndiyo iliyomla mjomba.

*

Kwa miaka mingi, hata hivyo, hesabu hizi zilibaki za maabara. Aliyezitoa huko ni simu. Ninaposema simu, ninatumia neno hilo kama babu zetu walivyolitumia. Katika Kiswahili cha mwisho wa karne ya 19, simu ilikuwa waya wa kupelekea habari kwa mapigo marefu na mafupi, kabla haijawa chombo cha kuongelea. Na hadi leo, hata kwa kioo laini cha mkononi, bado "tunapiga" simu.

Mwaka 1858 waya ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki kuunganisha Uingereza na Marekani. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kuvuka. Msimamizi wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, aliyekuwa daktari kabla ya kuingia kwenye mambo ya umeme, aliamini dawa ya waya mzito ni kuusukuma kwa nguvu zaidi. Alitumia msukumo wa takriban volti 2,000. Waya ulikufa ndani ya wiki chache. William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow, alikuwa ameonya kwamba waya mrefu haushindwi kwa mabavu: unataka shaba safi, nene, na vipimo makini. Baada ya hasara ile, wenye mitaji walianza kusikiliza. Mwaka 1861 kamati ya wanasayansi wa Uingereza iliundwa kutengeneza kipimo kimoja cha ukinzani ambacho mafundi wote wangekubaliana nacho. Mwaka 1881, mkutano wa kimataifa wa Paris ulipitisha omu, volti na ampea. Mwaka uliofuata William Siemens akapendekeza wati.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Nilikuwa nimedhani vipimo hivi vilizaliwa kwa ajili ya taa. Vilizaliwa kwa ajili ya umbali. Watu wenye milki upande wa pili wa dunia walitaka kujua habari itafika vipi mwisho wa waya.

*

Waya huo ulifika pia ziwani kwetu, lakini ulipita ng'ambo.

Cecil Rhodes alitaka simu moja itoke Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Kampuni yake ilifikisha waya Blantyre mwaka 1895, kisha ikaupandisha kando ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa hadi Karonga, na kutoka hapo kuelekea Ziwa Tanganyika. Ili upite katika eneo la Wajerumani, Rhodes alikwenda Berlin mwezi Machi 1899 kuonana na Kaisari Wilhelm II, akapata ruhusa. Waya ukafika Ujiji. Rhodes akafariki 1902, na Cairo haikufikiwa.

Tazama ramani. Karonga na Kyela zimetenganishwa na Mto Songwe, mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890. Wangonde wa upande ule na Wanyakyusa wa upande huu wanasikilizana kwa lugha, wanaoana, wanazikana. Upande ule, waya. Upande huu, kutoka Songwe na Mwaya hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, hakuna. Wajerumani walikuwa na simu zao pwani na kando ya reli ya kati, lakini makao yao ya huku, Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, yalisubiri habari za dunia zitokee Karonga kwa hisani ya jirani.

Nilijaribu kupiga hesabu ya waya kama ule, kwa daftari la mjomba na kalamu yake. Tuchukulie waya wa chuma wa unene wa milimita 4 na kipande cha kilomita 100. Chuma cha unene huo kina ukinzani wa takriban omu 8 kwa kila kilomita. Kilomita 100 ni omu 800. Ongeza kipokezi cha omu 200, jumla 1,000. Waya wa kurudi hauhitajiki. Tangu miaka ya 1830 mafundi walijua kwamba ukizika bamba la metali kila mwisho, ardhi yenyewe hurudisha mkondo. Nusu ya saketi, kwa hiyo, ilikuwa udongo uleule ambao watu waliulima.

Ili kipokezi kigonge, tuseme kinataka mkondo wa ampea 0.01. Volti ni mkondo mara ukinzani: 0.01 mara 1,000, jibu volti 10. Ni kama vikombe kumi vya betri za wakati ule, vya kioo, vyenye shaba, zinki na maji ya kemikali. Na nguvu? Volti 10 mara ampea 0.01 ni wati 0.1. Taa ndogo ya wati 5 inayowaka barazani kwa mjomba inakula mara 50 ya hiyo.

Hesabu ileile ilimsaidia fundi wa simu kutafuta hitilafu bila kutembea. Waya ukikatika na kugusa ardhi mahali fulani, anapima ukinzani akiwa ofisini kwake. Akipata omu 480, anagawa kwa 8, anajua aende kilomita 60. Ohm, mwalimu aliyepuuzwa, alikuwa amewapa watawala jicho la kuona mbali.

*

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Habari ilifika Nyasaland kwa waya.

Ziwani kulikuwa na meli mbili zenye mizinga. Ya Waingereza ni Guendolen, nahodha wake Edmund Rhoades. Ya Wajerumani ni Hermann von Wissmann, iliyoingia majini mwaka 1893, nahodha wake Berndt. Ziwa lilikuwa moja na manahodha walifahamiana. Tarehe 13 Agosti Guendolen ilifika Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo. Ukipanda meli bandari za Kyela ukashuka kusini kupitia Lupingu na Manda, ndiko utakakofika. Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Guendolen ikafyatua mizinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mtumbwi, akapiga makasia kuielekea Guendolen huku akimfokea rafiki yake, akimuuliza kama amelewa. Hakujua kuna vita. Alielezwa palepale, akakamatwa mateka. Wanajeshi wa Rhoades wakang'oa sehemu muhimu za injini ya Wissmann na kuondoka. London iliushangilia kama ushindi wa majini.

Siku hizohizo, mkuu wa Kijerumani wa Neu Langenburg alimwandikia barua Mwingereza wa Karonga. Watu walikuwa wakisema kwamba Karonga inajiandaa, na yeye hakuwa na uhakika: je, nchi zetu mbili zimo vitani au hazimo?

Barua hiyo huchekesha watu kwenye vitabu vya vita. Mimi nilipoisoma nikiwa Kyela sikucheka, maana nilijua imepita wapi. Kutoka Tukuyu hadi Karonga unateremka, unavuka tambarare yetu yote, kisha unavuka Songwe. Barua haikuwa na waya. Mtu fulani aliibeba kwa miguu, kupitia migomba na mashamba ya watu ambao hakuna aliyewauliza wala kuwajibu. Tarehe 9 Septemba jeshi la Wajerumani lilipita njia hiyohiyo kuishambulia Karonga, likarudishwa nyuma. Mei 1916, Jenerali Northey akavuka kwa upande mwingine na kuiteka Neu Langenburg. Kila mara, tambarare ilikuwa barabara.

Na pasipo waya, reli wala lori, barabara ni watu. Nyasaland waliwaita tenga-tenga. Sisi tunawaita wapagazi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki waliandikwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, ni makumi ya maelfu.

Hesabu yao nayo niliiandika kwenye daftari la mjomba. Mpagazi anabeba kilo 25 za chakula cha askari. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi, amekula kilo 24. Kwa askari inafika kilo moja. Ukitaka kilo zaidi zifike, unaongeza wapagazi, na kila mmoja anayeongezwa anakula njiani. Au unampunguzia posho ilhali mzigo na mwendo ni vilevile. Njia hii ya pili ilitumika, na tunajua mwili wa mtu hulipa vipi.

Kusini mwa ziwa kulikuwa na mtu aliyeelewa yote mawili, waya na wapagazi. Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliandika barua gazetini mwezi Novemba 1914, baada ya damu ya Karonga, akihoji kwa nini Waafrika wafe katika vita isiyo yao. Tarehe 23 Januari 1915 aliongoza uasi. Usiku ule watu wake hawakuchukua bunduki tu. Walikata pia waya za simu. Uasi ulizimwa baada ya siku chache naye akauawa. Lakini kukata waya kulikuwa kusoma vizuri. Alijua dola ile ilikuwa na nguvu nyingi mahali pale ilipokuwa na wati 0.1.

*

Sasa nirudi bandani, kwenye mota.

Fundi alikuja na mita yake jioni, saa moja, wakati taa zote za kijiji zimewashwa na mashine za jirani zinafanya kazi. Kati ya fezi na fezi, pale mota inapofungwa, panatakiwa volti 400. Alipata 320. Ndani ya nyumba, panapotakiwa 230, ilikuwa 184. Vyote viwili ni asilimia 80.

Tuanze na pasi, maana pasi ni mpole. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 inavuta ampea 4.35, gawa 230 kwa 4.35, ukinzani wake ni karibu omu 53. Ukinzani huo haubadiliki sana. Ukiipa volti 184, mkondo unashuka hadi 3.48, na 184 mara 3.48 ni wati 640. Volti zimepungua kwa moja ya tano, nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi. Nguo zinachelewa kunyooka, basi. Hapa mjomba na sufuria yake ya wali yuko sahihi: kuni kidogo, moto kidogo.

Mota si pasi. Mota ina mzigo. Mpunga uko kwenye mashine na lazima ukobolewe, shafti lazima izunguke. Umeme ukishuka, mota haipunguzi kazi. Inavuta mkondo zaidi ili kazi iwe ileile. Ya mjomba inavuta ampea 28 kwa volti 400. Zidisha, upate 11,200. Mota za fezi tatu huzidishwa pia kwa namba nyingine, lakini ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo katika kulinganisha haibadilishi kitu. Sasa gawa 11,200 kwa 320. Jibu ni ampea 35. Hapo ndipo Joule anapoingia. 35 gawa kwa 28 ni 1.25, na mraba wake ni karibu 1.56. Koili za mota zilikuwa zikipata joto zaidi kwa asilimia 56, gunia baada ya gunia, jioni baada ya jioni, hadi vanishi ikayeyuka.

Nilimsomea mjomba taratibu. Alinyamaza, kisha akasema: "Kwa hiyo haikufa kwa umeme. Imekufa kwa kulazimishwa kazi ileile kwa posho ndogo."

Sikuwa nimemwambia habari za wapagazi.

*

Lakini volti 46 za kila fezi zilipotelea wapi? Kanuni ya Ohm inataja sehemu mbili tu za kutazama: urefu wa waya na unene wake. Urefu hauna wa kulaumiwa. Kijiji kiko mahali kilipo. Unene ni jambo jingine. Unene kila mara kuna mtu aliyeuchagua akiwa na bei mkononi.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba aliyeuchagua ni mtu wa mbali, ofisini. Nilitamani iwe hivyo. Ingeendana na historia niliyoisoma. Nikahesabu kwanza waya ulio karibu. Kutoka mita hadi bandani mjomba alivuta mita 120 za waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Ukinzani wake unafika omu 0.34. Mara ampea 35, ni volti 12. Zaidi ya robo ya upungufu wote ilikuwa ndani ya uwanja wetu, kwenye waya alioununua mwenyewe.

Alipouona mstari huo alicheka bila furaha. "Wa milimita 16 ulikuwepo dukani," alisema. "Niliona bei."

Zilizobaki, volti 34, zilikuwa kwenye nguzo, kwa sababu transfoma iko mbali na mashine zimeongezeka kuliko waliozitarajia wakati laini inajengwa. Dawa inajulikana tangu karne ya 19, na ni kinyume cha kosa la Whitehouse: volti kubwa isafiri kwenye laini iliyojengwa kwa ajili yake, ipunguzwe karibu na mtumiaji. Nguvu ileile ikisafiri kwa volti 33,000 badala ya 400, mkondo unapungua zaidi ya mara 80, na upotevu katika waya uleule unapungua karibu mara 6,800, kwa mraba uleule wa Joule. Transfoma ikisogezwa kilomita moja, kijiji kinapata umeme mwingine bila kuongeza hata tone la maji kwenye bwawa lolote.

Siandiki haya kusema kwamba kijiji cha leo ni tambarare ya 1914. Waya umefika, watoto wanasoma usiku, simu zinachajiwa, samaki wanagandishwa. Ninachosema ni kwamba neno "umefika" lina kipimo. Waya wa Rhodes ulipita kando ya watu ili ufike kwingine, na walio karibu nao walibaki kusikia vita kwa mizinga. Wetu umefika kwa volti 184. Tofauti kati ya kupitiwa, kufikiwa na kutoshelezwa inaweza kuandikwa kwa namba, na namba hizo si siri ya wahandisi. Ni kugawa na kuzidisha, hesabu ya darasa la tano.

Mjomba amebadilisha waya wa bandani. Alinunua ule wa milimita 16, kwa awamu. Anakoboa asubuhi, kabla mashine nyingine hazijawashwa, na jioni anazima hata foleni ikiwepo. Mita amenunua yake. Kila siku saa moja jioni anapima, anaandika kwenye daftari lile ambalo kurasa zake za mwanzo zina wapagazi na waya wa chuma: tarehe, volti, ampea. Pembeni anazidisha. Nakala ya kurasa za mwezi wa kwanza aliiambatanisha na barua ya serikali ya kijiji kwenda kwa wanaohusika, akanitumia nami picha yake.

Jibu halijaja. Jana usiku alinitumia namba ya siku: 338. Chini yake aliandika, "Leo wengi wamekwenda msibani, mashine chache."